Babu hataki kukaa achorwe: picha ya simu inatosha kwa tuzo ya London?

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 26, nachora sura za watu kwa oda hapa Moshi. Wateja wengi wananitumia picha kwa WhatsApp, nachora kwa penseli au rangi. Nimemchora babu yangu wa Ugweno, ni mhunzi, kutoka kwenye picha niliyompiga siku ya Idd bila yeye kujua. Kila anayeiona anasema ni yeye mtupu. Rafiki ameniambia kuna tuzo za sura London na Australia, ukishinda kazi yako inawekwa makumbusho ya taifa. Mwingine anasema wanataka watu maarufu tu, na ukichora kwa kuangalia picha wanakufuta. Kuna kaka mmoja wa Arusha anataka 350,000 aniandikishe. Nilimwomba babu akae nimchore upya, akasema dini hairuhusu na ana kazi. Nipeleke hii niliyonayo? Na makumbusho yetu hawawezi kuinunua?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana kuna maswali matano yamefungwa kwenye kanga moja, na ninavyoona mimi lile kubwa halihusu London. Lile kubwa ni babu. Ila nianze na la pesa, kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza wiki hii.

Hiyo 350,000 usitoe. Tuzo hizi hazina wakala Arusha wala Moshi. Mchoraji anajiandikisha mwenyewe kwenye tovuti ya jumba lenyewe, anapakia picha ya kazi yake, analipa ada kwa kadi, basi. Kama huna kadi ya benki, mwombe ndugu mwenye nayo, umkabidhi fedha mkononi na ukae pembeni yake wakati analipa. Akikuambia huyo kaka kwamba ana mtu wake ndani, ujue hajui anachokiuza: kwenye tuzo ya London waamuzi wa hatua ya kwanza hutazama kazi bila jina la aliyechora. Na kama tayari umempa kitu, kusanya ujumbe wote na risiti za muamala uende kituo cha polisi mwenyewe, mapema, usibaki kubishana naye kwenye simu.

Kabla sijaendelea, neno dogo la lugha. Kwetu picha ni picha, iwe ya kamera au ya brashi. Ili tusipotezane, humu "picha" itakuwa ya simu, na kazi ya mkono nitaiita "mchoro" hata ikiwa ya rangi.

Tuzo ya Australia aliyokutajia rafiki yako ni Archibald, inayotolewa na jumba la sanaa la New South Wales, Sydney, tangu 1921. Zawadi yake ni dola 100,000 za kule. Ni tuzo kubwa, watu wanaipigania hadi mahakamani, lakini si yako wala yangu: mchoraji lazima awe ameishi Australia au New Zealand kwa miezi 12 kabla ya tarehe ya mwisho. Ile ya Marekani, inayotolewa na National Portrait Gallery ya Washington, yaani jumba lao la taifa la sura, kila baada ya miaka mitatu, ni ya wanaoishi na kufanya kazi Marekani. Inayobaki wazi kwa mtu wa Moshi ni ya National Portrait Gallery ya London. Hiyo imeanza 1980 na imebadilisha jina kila ilipobadilisha mfadhili, lakini nyumba ni ile ile, na inapokea wachoraji wa dunia nzima walio na miaka 18 na kuendelea.

Sasa hili la watu maarufu. Rafiki zako wote wawili wamesema nusu ya kweli, kwa sababu wamechanganya vitu viwili vilivyo chini ya paa moja: hazina ya taifa, yaani mkusanyo wa kudumu wa jumba, na tuzo.

Hazina ya taifa ya sura inakusanya watu. Jumba la London lilipoanzishwa 1856, waanzilishi waliandika bayana kwamba kitakachoangaliwa ni umuhimu wa aliyechorwa katika historia ya nchi, kuliko ustadi wa aliyechora. Mchoro wa kwanza kabisa kuingia ulikuwa wa Shakespeare, na mpaka leo aliyeuchora hajulikani kwa uhakika. Hebu lifikirie hilo wewe mchoraji: kitu namba moja katika jumba lile hakina sahihi unayoweza kuiapia. Walikuwa wakali zaidi ya hapo. Ukiacha mfalme au malkia na mwenzi wake, hakuna aliyeruhusiwa kuingia ukutani akiwa hai, wala kabla ya miaka 10 tangu afariki. Kanuni hiyo ililegezwa mwaka 1969 tu. Kwa hiyo aliyekuambia wanataka watu wenye jina alikuwa anaizungumzia hazina, na kwa hazina hajakosea.

Tuzo inaangalia mchoro. Mwaka 2019 tuzo ya London, paundi 35,000, ilimwendea Charlie Schaffer kwa mchoro unaoitwa kwa lugha yetu "Imara akiwa na koti lake la baridi". Huyo Imara, jina ambalo kwetu lingeweza kuwa la jirani, hakuwa mwigizaji wala mwanasiasa, alikuwa rafiki wa mchoraji. Mwaka huo walipokea kazi zaidi ya 2,500, wakachagua 44 za kutundika. Nakupa namba hizo ujue unaingia wapi. Kubaki nje si hukumu juu ya mkono wako, kwa kuwa karibu wote wanabaki nje.

Tena kushinda tuzo hakuuingizi mchoro wako kwenye hazina. Kawaida kazi inaoneshwa miezi michache, kisha inarudi kwa mwenyewe. Daraja kati ya vitu hivyo viwili ni jingine: mshindi anaweza kupewa oda ya kumchora mtu ambaye jumba linamtaka. Ndivyo ilivyomtokea Amy Sherald wa Marekani. Alishinda tuzo ya Washington mwaka 2016 kwa kumchora msichana asiyejulikana, amevaa gauni la bluu na kushika kikombe kikubwa cheupe. Miaka miwili baadaye mchoro wake wa Michelle Obama ulifunuliwa katika jumba lile lile. Msichana ndiye aliyeuonesha mkono wa mchoraji, na Michelle ndiye aliyeingia kwenye historia ya nchi. Kwa hiyo babu yako wa Ugweno anastahili kabisa kwenda kwenye tuzo. Wala usianze kumtafuta msanii wa bongofleva wa kumchora eti kwa sababu ana wafuasi.

Tuje kwenye picha ya simu, na hapa nitakaa kidogo.

Ni kweli kwamba kuna waliofutwa. Mwaka 1975 Archibald ilimtangaza John Bloomfield mshindi kwa mchoro wa mwongozaji filamu, kisha ikabainika kwamba alichora kutoka kwenye picha iliyokuzwa bila mhusika kukaa mbele yake, na tuzo ikaondolewa. Kule kanuni inataka mtu akae mbele ya mchoraji. Masharti ya London kwa kawaida yanataka kazi itokane na mkao au michoro ya majaribio iliyofanywa mbele ya mtu mwenyewe. Washington wanataka msanii na mhusika wawe wamekutana ana kwa ana. Yasome masharti ya mwaka husika mstari kwa mstari, maana hubadilika. Lakini roho yake ni hiyo katika nyumba zote tatu, na hakuna aliyekataza picha isiwe msaada. Wachoraji wengi wazuri wanapiga picha za mikono, za mikunjo ya shati, za namna mwanga ulivyoangukia saa nne asubuhi. Wanachokataa ni mchoro ambao nyuma yake hakuna mtu, kuna skrini tu.

Kwa nini waling'ang'anie hilo? Wengi wanadhani ni heshima ya mila za kizamani. Mimi nadhani ni suala la jicho. Simu inapiga kwa lenzi moja inayoona pana. Ukiikaribisha usoni kwa umbali wa nusu mita, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, kwa sababu kilicho karibu kinakuzwa kuliko kilicho mbali. Wewe ukikaa na babu hatua tatu mbele yako una macho mawili, unatikisa kichwa, unaliona taya likizunguka kuelekea nyuma ya sikio. Simu haijui taya linazunguka. Imeona ukingo, na wewe ukinakili ukingo unapata kinyago bapa chenye vinyweleo vingi.

La pili ni rangi ya ngozi yetu. Simu inapima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Babu akisimama mbele ya anga jeupe la Ugweno, uso unakuwa kivuli. Akikaa mbele ya mlango wa giza, simu inamwongezea mwanga na kumfanya wa kijivu kama jivu la jikoni. Ukiwasha flashi, paji la uso linang'aa jeupe na vivuli vyote vinakufa. Tatizo hili lina umri mrefu. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi zetu zilitoka zilivyotoka. Simu za sasa ni afadhali, lakini hazijawahi kuniletea ile samawati inayotua kwenye shavu jeusi likikaa chini ya anga wazi, wala ule wekundu wa ndani ya sikio jua likiwa nyuma. Vitu hivyo utavikuta kwa babu, hutavikuta kwenye faili.

La tatu ni muda. Picha ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtu hafanani na sekunde yake moja. Ndiyo maana shangazi yako unamtambua stendi ya Moshi kwa mbali, hujaona hata kope, umemjua kwa jinsi shingo ilivyokaa juu ya mabega. Kufanana kunakaa kwenye maumbo makubwa na uzito wake: upana wa fuvu, umbali kati ya pua na mdomo, kichwa kinainamia upande gani mtu akisikiliza. Ukimtazama kwa saa sita zilizogawanywa kwa siku kadhaa, mkono wako unaanza kuchora yale yasiyobadilika na kuyaacha yanayopita.

Nililipia somo hili. Miaka ya nyuma familia moja ya Kibosho iliniletea selfi ya baba yao aliyefariki, nimchore kwa rangi iwe tayari kwa misa ya kumbukumbu. Nilichora kila kovu, kila mvi. Siku ya kukabidhi mama alisimama mbele ya mchoro akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Kovu lake lilikuwa la kushoto." Simu ilikuwa imeigeuza sura kama kioo kinavyofanya, na mimi sikumjua marehemu hata kwa salamu, nisingeweza kugundua. Niliirudia bure, nikitumia picha tatu na saa mbili za kukaa na mama huyo akinisimulia uso wa mumewe. Tangu hapo oda ya marehemu siipokei bila kukaa na mtu aliyemjua, na nakushauri ufanye hivyo kwa wateja wako wa WhatsApp.

Kwa hiyo usidharau kazi yako ya oda. Inalisha, na inafundisha subira. Lakini "utadhani picha" ni sifa ya mteja. Mwamuzi aliyetazama kazi 2,000 wiki hiyo anatafuta kitu ambacho picha isingempa.

Sasa babu.

Ulimpiga picha bila yeye kujua, siku ya sikukuu. Nafahamu ilitokana na mapenzi. Lakini baadaye alipoulizwa alikataa, na sasa una mchoro wa mtu aliyesema hapana. Kwa sababu hiyo moja tu ningekuambia usiupeleke popote, hata kama masharti yangeruhusu. Mchoro wa sura unaotundikwa mbele ya watu una wenyewe wawili, na mmoja wao hajaridhia. Usiupeleke mtandaoni pia.

Kuhusu dini, mimi ni mchoraji, si shehe, na swali la kama inafaa au haifai ni la babu na imamu wake, usiliamue wewe kwa kubishana naye. Ila nina kisa kinachoweza kuwafaa wote wawili mkikaa kwa chai. Mwaka 1733 alikuwepo London Ayuba Suleiman Diallo, Mwislamu msomi kutoka Bundu, upande wa Senegali ya leo. Alikuwa ametekwa, akauzwa utumwani Maryland, kisha akakombolewa. Wenyeji wake walitaka achorwe na William Hoare. Ayuba alisita, akihofia sanamu yake isije ikaabudiwa. Walimweleza kwamba hawana nia hiyo, wanataka tu wamkumbuke akiondoka, naye akakubali. Uso ulipokamilika akasema achorwe kwa mavazi ya kwao. Mchoraji akajibu kwamba hawezi kuchora nguo ambayo hajaiona. Ayuba akamuuliza: kama hamwezi kuchora vazi msiloliona, mbona baadhi yenu mnathubutu kumchora Mungu ambaye hakuna aliyemwona? Akachorwa na kanzu yake nyeupe na kilemba, na Kurani ikiwa imening'inia shingoni. Mchoro huo umeoneshwa National Portrait Gallery London, na ndio unaojulikana kuwa wa kwanza wa rangi ya mafuta Uingereza kumwonesha Mwafrika aliyetoka utumwani kama mtu mwenye jina na heshima yake.

Kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba Ayuba alijadili masharti. Aliuliza mchoro ni wa nini, akaamua atavaa nini, akamjibu fundi. Babu yako naye apewe nafasi hiyo. Mweleze mchoro utakaa wapi, nani atauona, na kwamba akisema usitoke nyumbani hautatoka. Baada ya hapo, akibaki na hapana yake, mchoro uishie hapo, utafute mtu mwingine wa kukaa naye. Sisemi hivyo kwa wepesi, najua unamtaka yeye.

Lakini soma tena sentensi yake. Alisema dini, halafu akasema ana kazi. Mzee anayesema ana kazi amekuambia pia anakopatikana. Umeniandikia ni mhunzi wa Ugweno. Unajua maana yake? Ugweno ilijulikana kwa chuma kwa vizazi vingi kabla ya reli kufika Moshi. Majembe na mikuki yake yalitoka milimani kwenda kwa Wachaga na kwa Wamasai, na ukoo wa Washana, wahunzi, ndio waliotawala huko zamani. Usimwite mzee wa namna hiyo aje akae kwenye kiti cha plastiki kama anayesubiri daktari. Nenda wewe kwenye mivukuto. Omba ruhusa ya kukaa pembeni na kuchora mikono na nyundo tu. Wazee wengi wenye wasiwasi na sura hawana shida na mikono, ila muulize kwanza. Mvukutie moto. Wiki ya pili au ya tatu ndipo useme habari ya uso, kama bado inafaa kusemwa.

Akikubali, fanya mikao mifupi. Dakika 20, apumzike, dakika 20 tena, inatosha kwa siku kwa mtu wa umri wake. Weka alama ya chaki miguu ya kiti ilipo. Vitabu vya Ulaya vitakuambia tafuta dirisha la kaskazini kwa sababu jua haliingii. Hiyo ni kwao. Sisi tuko kama nyuzi tatu tu kusini ya ikweta: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana liko kaskazini yetu, na Desemba liko kusini. Dirisha ulilolisifu Januari litakumwagia jua Juni. Tafuta mlango wenye baraza pana, mtu akae hatua moja ndani, na mwende saa zile zile kila siku. Siku za mawingu ya Juni na Julai ni zawadi, mwanga hauhami.

Kwa ngozi, anza bila nyeusi ya kopo. Changanya bluu ya ultramarini na amba iliyochomwa upate giza lenye uhai, ongeza siena iliyochomwa na nyekundu ya alizarini panapopita damu, na penye mwanga wa anga weka ubaridi wa bluu badala ya kukimbilia nyeupe. Si kwamba nyeusi ni haramu. Kerry James Marshall wa Marekani amejenga watu wake wote kwa rangi nyeusi, lakini anatumia nyeusi za aina kadhaa na anazichanganya na rangi nyingine hadi zinakuwa na joto na baridi. Ukilijua hilo utaitumia, ukiwa hujalijua itakuua mchoro.

Hukuniambia ni rangi gani unatumia. Kama ni ile ya mafuta ya kupaka milango, iache kwa kazi hii. Najua Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari na akaanzisha sanaa nzima, ila rangi ile inakauka haraka na kung'aa, haikupi nafasi ya kugeuza shavu polepole. Mafuta ya wachoraji hukauka kwa kula oksijeni ya hewa, si kwa maji kutoka, kwa hiyo kwenye baridi ya Ugweno yatachukua siku nyingi, na vanishi ya mwisho subiri karibu miezi sita. Usiianike juani kuiharakisha. Akriliki inakauka upesi na inasafiri vizuri, ila ngozi laini kwa akriliki ni ngumu. Kwako wewe, unayekaa mjini na babu akiwa milimani, ningeanza na michoro ya akriliki ndogo mbele yake, kisha kazi kubwa ya mafuta nyumbani ukiwa na michoro hiyo ukutani. Isizidi sentimita 50 kwa 60. Ukipita hatua ya kwanza utalazimika kusafirisha kazi yenyewe mpaka London kwa gharama yako, na kreti la mita moja na nusu litakumaliza. Kabla hujalipa ada, kaa na wakala wa mizigo anayejua kusafirisha vitu vya sanaa, uso kwa uso, akuandikie gharama ya kwenda na ya kurudi. Watu wengi hupiga hesabu ya kwenda tu.

Na makumbusho yetu? Tanzania hatuna jumba la taifa la sura peke yake. Tuna Makumbusho ya Taifa yenye vituo vyake, na viwili viko Arusha: Boma la Wajerumani linalohifadhi historia ya asili, na Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni. Nenda ukaone picha za watu zilizopo Kaloleni, utazame maelezo yaliyo chini yake. Ndipo utaelewa hazina ya taifa inavyofikiri: nani huyu, alifanya nini, lini. Kwa hiyo usiende ukiwauliza kama mchoro wako ni mzuri. Nenda na habari za mhunzi: jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, nani alimfundisha, vyombo vyake, hatua za kazi, na michoro yako ya mikono ikiwa imeandikwa tarehe nyuma. Siwezi kukuahidi watanunua. Nakuambia kwamba mhunzi wa Ugweno mwenye jina lake na historia yake ni jambo ambalo mhifadhi atakaa alisikilize, na zungumza naye ana kwa ana, usitume picha kwa simu.

Hapa kuna jambo linaloniuma siku nyingi. Kilimanjaro tumetoa mchoraji mkubwa mapema, Sam Ntiro, aliyesoma Makerere na London, na kazi yake ya 1956 ya watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa New York. Alichora migomba, vihamba, kazi za pamoja, watu wengi wadogo wadogo. Sura zenyewe hakuzisogelea sana. Halafu ukipita maduka ya watalii Arusha utakuta sura tele, mzee wa Kimasai, mama wa Kimasai, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Anayenunua haulizi, anayechora hajui. Wewe una mzee mwenye jina, ukoo na ufundi, na unaweza kukaa naye jioni. Tafadhali usimfanye mzee asiye na jina kwa haraka ya tarehe ya mwisho ya tuzo.

Kwa hiyo mwaka huu usipeleke. Mwaka ujao, kama babu amekubali, peleka. Kama hajakubali, mchore mtu mwingine aliye tayari kukaa mbele yako mara kumi, peleka huyo. Ule mchoro wa Idd mpelekee babu mkononi, mwambie ulivyoupata, umwachie yeye aamue ukae wapi.

Mimi niko hapa hapa Moshi. Ukishakuwa na michoro mitano uliyofanya mbele ya mtu aliye hai, niletee tukae tuitazame mezani, maana kwenye simu siwezi kuona rangi. Na siku ya kwanza ukipanda Ugweno acha rangi nyumbani. Chukua penseli na daftari, uvae nguo usizoogopa kuchafua kwa makaa.